Boksi la Besi la Adriano

Katika duka la Fahadi, Sumbawanga mjini, Adriano alibonyeza koni ya spika kwa dole gumba kama anayepima parachichi. Fahadi alimwonesha mbili. Ya kwanza, yenye sumaku ndogo, alisema inataka boksi lililozibwa pande zote. Ya pili, sumaku yake nzito kama jiwe la kusagia, ilitaka boksi kubwa lenye tundu na bomba, upepo wa nyuma ya koni utokee hapo na kuongeza besi. Adriano alichukua ya pili. Alitaka wageni wa Jumapili wamsikie mwenye nyumba kabla hawajafika.

Nyumba yenyewe, kule Katandala, ilikuwa ya mdogo wake Mathias, aliyezikwa kabla ya mavuno. Mjane wake, Rozina, alikuwa bado anaishi humo, na Jumapili ukoo ungekaa kuamua kama abaki au aondoke. Adriano hakuwa mtu wa kusubiri ukoo. Aling'oa mlango wa chumba cha Rozina, mninga mtupu, akaupasua, akaunda boksi. Baridi ya Juni ikaingia bila hodi. Rozina alitundika kitenge mlangoni.

Bomba lilikuwa la maji, la plastiki. Fahadi alikuwa amemweleza kwamba bomba likirefuka, mlio unashuka. Adriano akarefusha, akasikiliza, akarefusha tena. Alitafuta mlio wa chini, akaupata wa chini kabisa.

"Shikamoo, kaka," Mathias alisema kutoka tunduni.

"Marahaba."

"Mlango wa mke wangu uko wapi?"

"Si ndio huo uliokuzunguka."

Jumapili ukoo ulikuja, na Fahadi pia, kusikiliza kazi. Rozina alikaa mkekani, macho kwenye tundu. Ugali wa ulezi ulipokwisha, Mathias alizungumza, vikombe vikitetemeka: nyumba hii alijenga na Rozina, matofali walifyatua pamoja, asiondolewe. Shangazi Hilaria alimwekea pombe juu ya boksi, akamuuliza kama mvua za huko ni nzuri. Mathias akasema ni nzuri.

"Sauti ni yake," Hilaria aliamua. "Lakini marehemu hahesabiwi kikaoni. Tukianza kuwahesabu, sisi wazima tutashindwa kila kitu."

Adriano alikwenda chumbani, akatungua kitenge, akakisokomeza tunduni. Fahadi akainamisha kichwa, akasema besi haishuki tena sana, ila imebana, imekuwa safi. Wote wakakubali ni safi.

Rozina aliomba kitenge chake.

"Shemeji," Adriano alisema, "kikitoka hicho, muziki unaharibika."

Rozina akapanda bodaboda kwenda kwao Matai, upepo ukimpiga mabegani. Sebuleni kitenge kilivutwa ndani, kikasukumwa nje, ndani, nje, kama mdomo uliozibwa na kiganja.

"Ongeza kidogo," alisema Hilaria, na Adriano akaongeza.