Chupa Iliyotoka Foleni

Wanaonicheka waniache. Sokoni Kibondo wananiita Mama Chupa, na wifi yangu Mwamvua husema nimechanganyikiwa, mtu mzima kuzunguka mashamba ya Murungu kuwauliza wakulima kama jembe limeibua chupa ya zamani. Mimi sikuanza kwa wazimu. Nilianza na chupa moja ya Niyubahwe.

Nauza asali. Kabla msimu haujafika, mteja analeta chupa yake tupu, naipanga mezani, na asali ikija najaza kwa foleni ile ile. Chupa ikiwa mezani, nafasi yako ipo. Ukikuta imetolewa, basi umekataliwa, na hapo hakuna anayeuliza, maana kuuliza ni kujidhalilisha.

Niyubahwe alikuwa Mrundi wa kambi ya Mtendeli, shoga yangu wa kugombana naye. Chupa yake ilikuwa ya kijani, nzito kitakoni, yenye viputo ndani ya kioo. Mama yake aliibeba kutoka kwao. "Faudhia, ukiivunja nakuvunja," aliniambia kila msimu, nami namjibu aiondoe basi, inanijazia meza.

Kambi ilipofungwa akahamishiwa kambi ya Nduta, ambako hawatoki bila kibali, nikawa simwoni tena. Chupa ikabaki mezani, msimu ukaja ukapita. Watu wakaanza kuikodolea macho, nikaogopa itaibwa. Nikaiingiza ndani, nikaiweka juu ya kabati. Ilikaa kipweke mno pale. Nikaitafutia mwenzake, chupa ya dawa iliyofukuliwa shambani, nikaiosha kwa majivu na mchanga laini mpaka ikang'aa. Ya tatu ikafuata. Nikajifunza kupapasa mshono wa kioo, kutazama shingo, kujua ipi kongwe na ipi ya juzi. Ukianza huachi. Kila niliyoipata nilisema, Niyubahwe akiziona hizi atacheka mpaka akae chini.

Juma lililopita akaja mwanamume mezani kwangu, ameshika chupa tupu ya plastiki ya maji. Akasema anaitwa Habonimana, kaka yake Niyubahwe, ametoka Burundi.

"Na yeye yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alifariki, mama. Homa, mwaka jana. Ameacha watoto."

Nikakaa. Inna lillahi. Uchungu ukageuka hasira, nikamuuliza mbona mdogo wake hakuja kuniona hata mara moja. Akaitazama meza.

"Alikuja. Kabla hatujarudi nyumbani alipata kibali, akaja kukuaga. Watu wa sokoni walimwambia umekwenda Murungu. Akaona chupa yake haipo kwenye foleni. Akasema, Faudhia amenitoa, basi. Akageuka, akarudi kambini."

Murungu nilikwenda kutafuta chupa ya kukaa na yake.

Nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Ilikuwa pale juu ya kabati, katikati ya zote. "Hiyo hapo," nikamwambia. "Sikumtoa. Mwambie sikumtoa." Kisha nikakumbuka hakuna tena wa kuambiwa. Nililia mbele ya mwanamume wa watu bila haya.

Niliijaza asali nzuri kuliko zote, nikaifunga kwa khanga yangu awapelekee watoto. Wataijua, chupa ya bibi yao. Habonimana akaipokea kwa mikono miwili. Halafu akainua ile ya plastiki, akauliza kama anaweza kuiacha. Nikamwambia aiweke mwenyewe, mbele.

Juu ya kabati zimebaki chupa tele, na nafasi wazi katikati. Nilizikusanya zikae na moja, na hiyo moja imekwenda kwao. Kukusanya nitaendelea, sijui nifanye nini kingine. Ila ile ya plastiki siiingizi ndani ng'o. Imekaa mezani na vumbi lake, na anayetaka kuiondoa aje kwanza agombane na mimi.