Simu Moja Ndani ya Ndoo

Ijumaa hiyo, saa moja na dakika kumi asubuhi, Kimya aliweka simu yake ndani ya ndoo tupu ya sabuni, akabonyeza, akarudi kwenye pasi. Ndoo ndiyo ilikuwa spika yao. Sauti ikiingia mle ilitoka nene, ikajaa chumba kizima cha kufulia cha hospitali, hata mashine tatu zikinguruma kwa pamoja hazikuweza kuizima.

Kabla ya wimbo wa kwanza, mwenye orodha ya nyimbo waliyoifungua kila siku alizoea kusema maneno mawili matatu. Alijiita Chujio. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya mikwaruzo, na kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kupekua nyimbo za hip-hop ambazo redio hazizigusi, za wasanii wapya na za wale wazuri waliosahaulika bila kujulikana, akazichuja wiki nzima, na Ijumaa akaweka kumi na mbili tu. Dakika arobaini na tano, si zaidi. Aliwahi kueleza kwamba ujanani alikuwa akirekodi kanda, na upande mmoja wa kanda ulikuwa dakika arobaini na tano, na tangu hapo hajaona sababu ya kuongeza.

Leo alianza kwa kukohoa.

"Jamani, hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Miaka miwili nachuja. Hesabu ya mtandao inaniambia msikilizaji amebaki mmoja. Mmoja! Anafungua saa moja asubuhi, anairudia kutwa mara tisa. Ndugu yangu, sijui wewe ni mgonjwa kitandani au ni mfungwa. Popote ulipo nakushukuru sana, na Mungu akupe nafuu. Haya, wimbo wa kwanza."

Mdundo ukaanza. Wanawake saba waliangaliana.

Mama Mapacha, aliyekuwa akipakia mashuka kwenye mashine namba mbili, alicheka mpaka akashikilia mlango wa mashine asianguke. "Kimya! Kumbe wewe ni mfungwa na hutuambii?"

"Mgonjwa," alidakia mwenzake wa meza ya kukunjia. "Si unamwona alivyokonda?"

Kimya hakucheka. Alisimama mbele ya pasi kubwa ya roli, shuka mkononi, na shuka lile lilikaa pale mpaka likaanza kupoa. Jina la Kimya walimpa wao, siku yake ya tatu kazini, baada ya kugundua kwamba siku zote tatu hakuwa amesema lolote zaidi ya "ndiyo" na "shikamoo". Hakuwa na kiburi. Shule aliacha darasa la tano, na kilichomtoa mapema kabla hata ya mambo ya nyumbani ni kusoma kwa sauti. Akisimama na kitabu, maneno yalimkwama kooni, darasa likacheka, naye akakaa chini. Tangu siku hizo alijizoeza kukaa chini kabla hajaambiwa asimame.

Orodha ya Chujio aliipata kwa bahati tu, akitafuta kitu kingine. Aliibonyeza kwa sababu ya picha: chujio la chai lililotoboka. Alipoileta kazini, Bi Mkubwa, msimamizi wao, alimwambia azime kelele za wahuni. Lakini kabla mkono wa Kimya haujafika kwenye ndoo, sauti ya mwanamke ikatoka mle ikisema mkono wake una ufa. Bi Mkubwa, mwenye miaka ishirini na mbili kwenye sabuni na dawa ya madoa, alitazama vidole vyake mwenyewe. "Acha kwanza," alisema. "Huyu ni nani?"

Alikuwa fundi wa mabomba, akijiita Binti Bomba, na Chujio alisema kwamba wimbo wake ulikuwa umesikilizwa na watu kumi na wanane tangu utoke. Kwa miezi mingi baadaye Chujio aliurudisha kila alipopata nafasi, kwa ubishi tu.

Basi orodha ikawa saa yao. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi, na mzunguko mmoja wa mashine ulichukua dakika arobaini na tano zilezile. Wimbo wa nne ukianza, mtu anatia dawa. Wimbo wa tisa, mtu anavuta mikokoteni karibu. "Wa kumi na moja huo," Bi Mkubwa angepaza sauti, "na nani bado yuko chooni?" Nyimbo zilibadilika kila Ijumaa, na kila Ijumaa walijifunza saa upya, wakiitana kwa majina ya wasanii ambao mitaani kwao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Kimya alikuwa na faida nyingine ambayo hakumwambia mtu. Nyumbani alikuwa na daftari. Alisikiliza mstari, akausimamisha, akauandika, akaurudia mpaka uingie. Mwanzoni mstari mmoja ulimchukua robo saa. Sasa aliweza kusoma ukurasa mzima bila kuweka kidole chini ya maneno, na aliyemfundisha hakujua hata kama yeye yupo.

"Sasa unasubiri nini?" Mama Mapacha alimwambia. "Namba yake si huwa anaitaja mwishoni? Mtumie sauti. Mwambie tuko saba."

Kimya alitikisa kichwa.

"Simu ni yako, mdogo wangu."

"Sema wewe, dada," alinong'ona.

Mama Mapacha hakuhitaji kubembelezwa. Alitoa simu kwenye ndoo, akaishika mbele ya mdomo kama anataka kuila, akapiga kelele: "Baba Chujio, shikamoo! Hapa hatujafungwa wala hatuumwi, tuko kazini! Tuko wanawake saba tunasikiliza kwenye ndoo! Usituachie njiani, tafadhali!"

Jibu lilikuja wakati wa chai. Wakainamia ndoo wote, vikombe mkononi.

"Marahaba, mama, na asante. Lakini msinionee huruma. Mwaka jana watu arobaini waliniambia wananisikiliza. Nilipowauliza wimbo mmoja tu, wakaanza kuniuliza habari za nyumbani. Kama kweli mko saba, niambieni Binti Bomba anasema nini kwenye ubeti wa pili wa ule wimbo wa mkono. Nikisikia, naendelea. Nisiposikia, tuachane kwa amani."

"Rahisi!" Mama Mapacha alisema. Akafungua mdomo. "Mkono wangu una ufa... una ufa... nanana, nanana, ukuta."

"Ukuta gani?"

"Si wa nyumba! Kuna bomba pia mahali."

Wakajaribu mmoja mmoja. Mdundo waliujua wote, mpaka mahali ngoma inaposita. Maneno kila mtu alikuwa na kipande chake, na vipande havikuungana. Wimbo wenyewe haukuwemo kwenye orodha ya wiki hiyo, na zile za nyuma Chujio alikuwa na tabia ya kuzifuta.

"Miezi yote hii tulikuwa tunasikiliza nini?" Bi Mkubwa aliuliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kimya alitazama simu. Ubeti ule ulikuwa na mistari kumi na sita, na yote kumi na sita alikuwa nayo. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Ijumaa ijayo ndoo ingerudi kuwa ndoo, na huko nje yule mzee angezima mitambo yake akiamini alichuja kwa ajili ya mfungwa mmoja.

"Mimi naujua," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini Bi Mkubwa aliisikia. Hakumwambia aseme kwa nguvu, wala hakumwambia asiogope. Aliweka kikombe chini, akamwuliza, "Unataka tukuangalie au tusikuangalie?"

"Msiniangalie."

"Geukeni," Bi Mkubwa aliamuru. Wanawake sita wakageukia ukuta kama watoto wanaocheza kujificha. Kimya akaenda kwenye pasi yake, akachukua shuka. Mama Mapacha alinyoosha mkono nyuma akiwa ameshika simu, akabonyeza, na wengine wakaanza kupiga mdundo kwa viganja kwenye meza ya kukunjia iliyokuwa ukutani hapo.

Shuka likaingia kwenye roli. Kimya akakanyaga pedali, pasi ikafunga na kutoa mvuke, naye akaanza.

"Mkono wangu una ufa, sio ufa wa ukuta,
ni chuma, maji, baridi, na bomba ninalovuta.
Mama alinipa jina, mjini wakalifuta,
nimelishona kwa uzi, haya njoo kulifuta!"

Alipofika hapo akakanyaga tena, mvuke ukatoka, akavuta pumzi, akaendelea. Mashuka manne yalipita. Mistari kumi na sita ilipokwisha alisimama na mgongo wake kwa wenzake, masikio yakiwaka moto. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa akivuta kamasi.

"Mwenzenu nalia kwa mvuke," Mama Mapacha alisema. "Msinitazame."

Walituma. Chujio hakujibu. Hakujibu Jumamosi, wala Jumatatu, wala siku zilizofuata, na orodha ya mwisho ikazunguka chumbani kwa uvivu kama mgeni asiyeaga. Kimya hakujuta, na jambo hilo lilimshangaza. Jumatano alimsomea Bi Mkubwa karatasi ya stoo kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, na wakati wa kuirudisha ndipo alipokumbuka kuogopa.

Ijumaa, saa moja na dakika kumi, aliweka simu kwenye ndoo kwa mazoea. Akabonyeza kwa mazoea.

Kikohozi.

"Nisameheni kwa kuchelewa, dada zangu," ilisema sauti ya mikwaruzo. "Nimewasikiliza wiki nzima, mara tisa kwa siku, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Wiki hii nyimbo za wengine ni kumi na moja. Wa kwanza ni wenu. Lakini kuna mtu ameomba atangulie."

Ikaja sauti ya mwanamke, na nyuma yake maji yalikuwa yakidondoka kwenye kitu cha bati. "Dada wa kwenye pasi, mimi ndiye Binti Bomba. Wimbo ule niliuandika nimelala chini ya sinki la mtu, nikadhani umeishia hapohapo. Asante. Nina swali moja. Baada ya mstari wa nne mimi hukatika pumzi kila nikiimba, miaka miwili sasa. Wewe hukukatika. Unapumua wapi?"

Kisha viganja vikaanza kulia kwenye meza, mvuke ukapumua ndani ya ndoo, na chumba kikajisikia chenyewe. Mama Mapacha alikumbatia furushi la foronya chafu bila kujali. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kanga ya begani, akasema, "Wa kwanza huo umekwisha. Namba mbili mbona haijajazwa?"

Kimya alitoa simu kwenye ndoo. Hakumpa mtu. Mama Mapacha alikuwa tayari ameanza kugeukia ukuta.

"Usigeuke, dada," Kimya alimwambia.

Akabonyeza, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Shikamoo, dada Bomba," alisema. "Napumua pasi ikifunga. Ngoja nikusikilizishe."

Akakanyaga.