Bunduki Nane na Mbwa Mmoja

Jumatano ile Rauno Heikura alishaingia dukani kwa Hilkka na kutoka mara mbili bila kununua kitu. Mara ya tatu Hilkka aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya kaunta na kumtazama juu ya miwani.

"Rauno, ama ingia ama toka. Unanipulizia baridi."

Aliingia. Akavua kofia, akaivaa tena, kisha akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Wiki nzima alikuwa kiguu na njia, nyumba hadi nyumba katika kijiji cha Hietalampi, akipima midomo ya mitutu ya wenzake wa kikosi cha uwindaji. Kila nyumba alilazimika kunywa kahawa, na kila nyumba waliuliza kulikoni, naye akajibu kwamba ni kwa ajili ya masikio. Si uongo, ila hakusema masikio ya nani.

"Nataka vizuia sauti," alisema. "Bunduki nane. Na bastola moja ya Martta."

"Nane?" Hilkka aliipokea karatasi. "Msimu wa hirvi unafunguliwa Jumamosi. Mlikuwa wapi tangu Machi?"

Watu wa mkoa wa Kainuu wana ugonjwa huo: theluji ikiyeyuka wanasema bado mapema, na hirvi, yule mnyama mwenye miguu mirefu na pembe pana kama koleo, akianza kukata barabara ndipo wanakumbuka bunduki.

Vinka, mbwa wake wa kijivu, alikuwa amelala garini chini ya kiti. Siku hizi alipenda kulala chini ya kitu. Alikuwa na miaka miwili tu wakati bunduki ilipolia karibu na kichwa chake vuli iliyopita, na tangu siku ile, mlango ukibamizwa alijikunyata chini ya benchi la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na kutetemeka. Mbwa mwoga wa mlio hana kazi Hietalampi. Martta, kiongozi wa kikosi, alishasema neno lake: Jumamosi mbwa ajaribiwe. Akikimbia mlio, Rauno anajua desturi. Desturi ni kwamba mwenye mbwa humpeleka mwenyewe nyuma ya ghala na bunduki, wala hamtumi mtu.

Hilkka alishusha mabomba meusi kutoka rafuni, akayapanga moja moja kama mama anayejaribisha watoto viatu.

"Hizi bunduki tatu ndogo ni ndugu, zitavaa sawa. Zenu ni za kusimama vichakani, kwa hiyo chukua mabomba mafupi, kama hili linalorudi nyuma na kuufunika mtutu. Ukimpa mtu bomba refu msituni atapiga miti, sio hirvi. Huyu anayesimama ukingoni mwa shamba mpe refu, ana nafasi, na linanyamazisha zaidi." Alipitisha kidole kwenye orodha. "Hizi mbili za kaliba nene, tundu lazima liwe kubwa. Na uwaambie wasije wakabadilishana. Bomba la risasi nyembamba ukilifunga kwenye bunduki nene, risasi italing'ata kwa ndani, na hapo usiniletee vipande."

"Na bastola?"

"Ya Martta ni ile ndogo ya kumalizia wanyama mitegoni? Hiyo rahisi, hata hili la kiganjani linatosha. Angekuwa na ile kubwa ya shabaha tungesumbuana, maana ile mtutu wake hucheza, ukiutundikia uzito bastola inakataa kujijaza. Lakini nisikilize. Hivi havinyamazishi. Vinapunguza. Ule mpasuko wa risasi yenyewe ikikata hewa unabaki palepale. Kama ni kwa ajili ya mbwa, siwezi kukuahidi."

"Nani kasema ni kwa ajili ya mbwa?"

"Hakuna aliyesema. Nina macho." Kidole kilisimama kwenye mstari wa saba. "Hapa umeandika Ahti, kisha alama ya kuuliza. Hukupima?"

"Sijafika kwake."

"Nyumba yake iko mita mia mbili kutoka kwako, bwana."

Rauno alikwenda dirishani akaangalia gari lake. Kisha akarudi. "Hatuongei," alisema.

Hakuna Hietalampi asiyejua kwamba hawaongei. Ahti Moilanen ndiye aliyepiga ile risasi juu ya kichwa cha Vinka. Vuli yote na baridi yote watu walimtazama Ahti kwa jicho la pembeni, kwa maana mtu anayepiga karibu na mbwa wa mwenzake hata kwenye chai ya msiba hukalishwa mwisho wa meza. Naye Ahti hakujitetea hata siku moja.

"Basi mfute," Hilkka alisema. "Ahti ana chake. Alikuja Januari, theluji hadi kiunoni. Akaniambia ng'oa hiki kivunja-teke cha kupunguza msukumo mdomoni mwa mtutu, kinatupa kelele pembeni, nipe kizuia sauti kikubwa ulichonacho. Nikamwuliza umeanza kuumwa masikio? Akasema, hapana, kuna mbwa kijijini."

Rauno alihisi uso wake ukipata moto.

"Na yako?" Hilkka aliuliza. "Naona bunduki sita zenye vipimo, na ya nane umeandika jina lako tu."

Ya Rauno ilikuwa ya marehemu baba yake, mtutu laini hadi mwisho, hauna hesi ya kufungia chochote. Hilkka alicheka kidogo kwa pua. Fundi wa kukata hesi alikuwa amejaa hadi Desemba, kama kila Oktoba. Bunduki zote zingenong'ona, isipokuwa ya mtu anayemfuata mbwa, anayesimama karibu na mbwa kuliko wote.

"Azima," Hilkka alisema.

"Kwa nani? Kila mtu Jumamosi ana yake mkononi."

Alibeba sanduku hadi garini, akaendesha kilomita arobaini bila redio. Usingizi ulimkimbia usiku huo na uliofuata. Si habari ya bunduki iliyomsumbua. Kulikuwa na jambo lililojulikana na watu wawili tu duniani, naye alikuwa amelikalia mwaka mzima kama mtu aliyekalia mwiba na kusema kiti ni kizuri.

Siku ile ya mwaka jana redio ya Ahti ilikuwa imeishiwa betri. Hirvi alikuwa anamjia. Ahti alimpigia simu Rauno, akanong'ona, "Mbwa yuko wapi?" Rauno akatazama alama ya kola ya mbwa kwenye simu, akaona iko nyuma sana, akasema, "Yuko mbali. Piga." Lakini ile alama huchelewa. Kila mwenye mbwa anajua kwamba huchelewa, na Rauno alijua. Vinka alikuwa hatua tatu kutoka mdomo wa bunduki. Jioni ile watu walipouliza nani kapiga, Rauno alinyamaza, na Ahti akamtazama mara moja tu, akachukua lawama kama anavyochukua mtu gunia lisilo lake kwa sababu mwenyewe hageuki.

Jumamosi kulipambazuka saa mbili, theluji nyepesi ikianguka na kuyeyuka. Kwenye moto wa kambi Rauno aligawa vile vizuia sauti, na watu wakavifunga wakitaniana.

"Sasa hirvi ataanguka na asijue amekufa," alisema mmoja.

"Mke wangu nikimfungia hiki kitafanya kazi?" aliuliza mwingine.

"Kikianza na wewe kwanza," Martta alimjibu, akaweka bastola yake kwenye begi na kuwapangia sehemu za kusimama. Ahti aliondoka wa kwanza, mgongo umeinama, bunduki yake nene ikiwa na bomba lake la Januari. Hakumtazama Rauno.

Vinka alifunguliwa. Kwa nusu saa hakukuwa na kitu. Rauno hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikwenda huku, akarudi, akashika simu, akaifunga mfukoni. Kisha upande wa kinamasi sauti ya Vinka ikatoka, nzito, ya mfululizo, sauti ya mbwa aliyemsimamisha mnyama. Moyo wa Rauno ulijaa furaha hata akaona haya.

Alinyata. Baada ya dakika ishirini alimwona: dume, pembe pana, amesimama kati ya misonobari miwili akimtishia mbwa kwa kwato. Hatua sitini. Vinka alikuwa anabweka mbele ya pua yake, mkia juu, mbwa yule yule wa zamani.

Redio sikioni ilikwaruza. "Rauno," ilikuwa sauti ya Martta. "Hirvi yuko palepale. Unamwona?"

"Namwona."

"Sasa unangoja nini, arusi?"

Aliinua bunduki ya baba. Mlio wake aliujua tangu utotoni. Ulikuwa unarudi mara tatu kutoka vilimani. Aliuona ukimwangukia yule mbwa, na baada yake akaona nyuma ya ghala. Alishusha bunduki na kubonyeza kitufe.

"Ahti," alisema. "Njoo upige wewe."

Kikosi kizima kilikuwa kwenye redio. Hata mbwa wa majirani walijua kwamba Rauno hakuwa amelitamka jina lile kwa mwaka.

"Wewe si una bunduki mkononi?" Martta aliuliza.

"Yangu haina kizuia sauti."

"Umevalisha kijiji kizima umejisahau mwenyewe?" alisema mtu, na wawili wakacheka.

Rauno angeweza kuishia hapo. Wangecheka, Ahti angekuja, na siku ingepita. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kuliko alivyopata kuchoka kwa kubeba nyama.

"Na jambo jingine," alisema, polepole, akiwa amemkazia macho mbwa. "Mwaka jana Ahti aliniuliza kwa simu mbwa yuko wapi kabla hajapiga. Nilimwambia yuko mbali, apige. Kosa lilikuwa langu, na nikawaacha mumlaumu yeye. Basi."

Hakuna aliyecheka.

"Nakuja," Ahti alisema.

Alichukua dakika thelathini na tano. Hirvi alihama mara mbili, na mara mbili Vinka akamsimamisha tena, sauti ikianza kukauka. Rauno alihesabu kila mbweko. Hatimaye Ahti alitokea upande wa upepo, mfupi, mpana, akitembea kama mtu anayekwenda kuchota maji. Alisimama kando ya mti. Alingoja. Alingoja sana, hadi Vinka alipozunguka nyuma ya mnyama, mbali na mdomo wa bunduki.

Mlio ulikuja kama ubao mzito ulioangushwa ghalani, na juu yake ule mpasuko mwembamba hewani. Dume alipiga hatua nne na kuanguka.

Vinka alinyamaza.

Rauno alikimbia. Hirvi alikuwa amelala, na mbwa hakuwepo. Simu haikumsaidia, alama ilikuwa bado pale alipokuwa mbwa dakika moja nyuma. Alifungua kinywa kuita.

"Usimwite," Ahti alisema. Alikuwa ameshakaa kwenye gogo, mgongo kwa mnyama, bunduki tupu magotini. "Ukimwita atakuja kwa ajili yako. Mwache aje kwa ajili ya kazi yake."

Basi wakakaa. Wanaume wawili wa miaka hamsini na ushee, kila mmoja mwisho wake wa gogo, wakitazama kinamasi kisicho na kitu. Rauno aliomba, ingawa si mtu wa kuomba.

Nyuma ya msonobari mdogo, hatua thelathini, pua ya kijivu ilichungulia. Vinka alikuwa ametumbukiza mkia katikati ya miguu na mwili wake wote ulikuwa unatikisika. Alisimama hapo kwa muda ambao Rauno baadaye hakuweza kuueleza. Kisha akatoa mguu mmoja. Akarudi nyuma. Akatoa tena. Alimwendea hirvi kwa tumbo, akamnusa shingo, akashika manyoya kwa meno na kuyang'oa, mara moja, halafu kwa hasira.

Rauno alilia, na hakujificha.

"Mimi sikumwona," Ahti alisema, bila kugeuka. "Siku ile. Nataka ujue hilo."

"Najua. Nilijua."

Kwenye moto wa kambi, soseji zikipasuka kwenye vijiti na mikate myeusi ikipita mkono kwa mkono, kila mtu alimpa Ahti nafasi karibu na moto, naye akaona taabu hadi akasogea kando mwenyewe. Martta alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema.

"Mbwa amestahimili mlio. Atabaki, na asisikike mtu akisema vinginevyo." Akamwaga machicha chini. "Lakini anayemwongoza mbwa ndiye tunayemwuliza kama tupige au tusipige. Msimu huu mimi siwezi kumwuliza Rauno. Kamba atashika Ahti. Rauno atasimama ukingoni mwa shamba na hilo limzinga la baba yake. Una la kusema?"

"Sina."

"Mwaka jana pia hukuwa nalo."

Liliuma, na alistahili. Rauno alifungua kamba kiunoni. Ahti hakunyoosha mkono. Ilibidi Rauno amfuate, achuchumae, aiweke gotini mwake. Vinka alimnusa Ahti vidole, vilivyokuwa bado na harufu ya baruti, akasita, kisha akalala karibu na buti zake.

"Asubuhi hali chochote," Rauno alisema. "Kabla ya kazi. Anatapika garini."

"Nimesikia."

"Na ukimfunga kola, anza na sikio la kushoto. La kulia haliguswi tangu siku ile."

Ahti aliichukua kamba, akaizungusha kiganjani mara mbili. "Hayo mengi," alisema. "Njoo kesho saa kumi na mbili umfunge mwenyewe, halafu ndio uende huko shambani kwako."

Rauno aliitikia kwa kichwa. Wengine walikuwa wameshaanza kunoa visu, na mnyama yule alikuwa bado hajachunwa, naye akaenda kuwasaidia.