Nafasi ya Msimamizi

Polycarp alitoka gerezani mwezi Juni akiwa na mfuko wa nguo, vidonge vya siku saba na fomu ya uhamisho. Mganga wa gereza alikuwa amemweleza mara mbili: dozi ya kifua kikuu ni miezi sita, yeye amemaliza minne, na fomu ile aipeleke kituo cha afya kabla vidonge havijaisha.

Kurudi kwao Lusewa hakuweza. Jirani ambaye Polycarp alimjeruhi kwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, kosa lililomfunga miaka minne, bado aliishi kule. Akaenda Mjimwema kwa dada yake, Paskalina, aliyekaa na binti yake Dorine na kichanga cha Dorine cha miezi mitatu.

Paskalina alimpokea vizuri, akampa chumba cha uani. Polycarp hakusema lolote kuhusu ugonjwa. Vidonge alimeza akiwa amefunga mlango. Chakula alikula nje peke yake, na Dorine alipomnyooshea mtoto ampakate, alisema ana mikono michafu.

Vidonge vikaisha. Zikapita siku mbili. Siku ya tatu akajikaza, akaenda kituo cha afya. Muuguzi aitwaye Tumpe aliisoma fomu yote bila kubadilika uso.

"Umekosa siku mbili," alisema. "Zisiongezeke. Msimamizi wako ni nani? Mtu wa nyumbani atakayekuona ukimeza kila siku."

"Kule gerezani alikuwa askari."

"Na hapa?"

"Sina."

"Unaishi na nani?"

"Na dada yangu."

"Anajua?"

Polycarp alitazama sakafu. "Anajua nimetoka jela. Niliona hilo linamtosha."

Tumpe alimhesabia vidonge vya siku tatu. "Dawa nakupa. Ila hii nafasi ya msimamizi siwezi kukujazia. Uje naye."

Jioni alimkuta Paskalina akichambua maharage. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza yote. Paskalina hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Na mtoto yumo humu ndani."

"Siambukizi tena, dada. Makohozi yalipimwa, yakawa safi."

"Wamekuambia wewe. Mimi nani ameniambia?"

Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Chakula cha usiku kililetwa na Dorine.

Asubuhi Polycarp alikuwa akifungasha nguo zake aliposikia mlango ukigongwa. Paskalina alikuwa amevaa kama anayekwenda kanisani.

"Twende huko," alisema.

Kituoni alimwuliza Tumpe mwenyewe, bila kuzunguka, kama mjukuu wake yuko hatarini. Tumpe alimjibu kwamba anayemeza dawa ipasavyo kama Polycarp haambukizi, lakini akiacha katikati ugonjwa hurudi, na safari hiyo huwa mgumu kutibika. Akataka nyumba nzima ipimwe, mtoto akiwa wa kwanza. Paskalina alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake polepole, na penye uhusiano akaandika: dada.

Paskalina, Dorine na mtoto walipimwa, wakakutwa salama. Tangu hapo, kila siku saa moja asubuhi, Paskalina alisimama mlangoni mwa chumba cha uani na kikombe cha maji, akasubiri Polycarp ameze, kisha akaenda zake sokoni. Wiki za kwanza hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Mwisho wa Agosti Tumpe alimwandikia Polycarp kuwa amepona. Njiani kurudi nyumbani Paskalina alisema, "Sikuukasirikia ugonjwa. Nilikasirika kwa sababu ulidhani nitakufukuza."

"Ungenifukuza?"



"Siku ile uliyofika, ungeniambia mlangoni," alisema Paskalina, "sijui, mdogo wangu. Kweli sijui."

Polycarp aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru kwa kutomdanganya, wakaendelea na safari.