Mwaka wa Bwana Rikta

Viatu vilivyokuwa mlangoni pa Mama Mapazia havikuwa vyangu. Vilikuwa vikubwa, vimejaa vumbi, visigino vimelika upande mmoja, na vilikuwa vimewekwa pale pale ninapoweka vyangu, kwa starehe ya viatu vilivyokaribishwa. Tulitazamana navyo kidogo. Kutoka ndani nikasikia kijiko kikikoroga chai, kisha sauti ya Mama Mapazia, laini kuliko nilivyowahi kuisikia, ikiuliza kama sukari imetosha.

Chai ya nyumba ile nilikuwa nimeinywa mara nyingi. Kuhusu sukari sikuwahi kuulizwa.

Nikapiga hodi, nikaingia. Kwenye kiti kizuri, chenye foronya aliyoitarizi Mama Mapazia mwenyewe, alikaa mwanamume mwembamba mwenye soksi zilizotoboka vidoleni na mkoba magotini. Mama Mapazia alinigeukia, uso unang'aa.

"Karibu, Fundi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Huyu ndiye Rikta."

Mimi ni fundi mizani. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Mizani yangu ya kwanza niliifungua kwa udadisi, nikashindwa kuifunga, na kwa aibu ya kushindwa nikajifunza mpaka nikaweza. Mizani ya muuza nyama, ya duka la dawa, ya ghala la nafaka, zote zimepita mikononi mwangu. Mita za mbao za wauza vitambaa nazo huwa nazikagua, na hizo ndizo zilizonifikisha kwa Mama Mapazia. Siku ya kwanza niliilaza mita yake juu ya yangu, nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ya kwake imezidi upana wa kidole, hivyo kila anayenunua pazia kwake anaondoka na kitambaa cha bure. Aliichukua, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akasema iliyochongwa na marehemu mumewe haijazidi wala haijapungua. Baada ya hapo hakunisemesha kwa muda mrefu.

Tulipatana taratibu. Nikaanza kupita nikitoka kazini, kisha nikaanza kupita hata siku nisizokuwa na kazi, na mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia nikapeleka posa. Niliipeleka mwenyewe, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumevuka umri wa kutumiana wazee. Alikuwa ameinamia charahani na hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Alisema amesikia, atanijibu kabla mwaka haujaisha, na tafadhali nisikanyage kitambaa. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa chumba cha uani na kusikia kila kilichosemwa barazani, alinisindikiza hadi barabarani akanihurumia kwa namna yake. Mwaka ndio kwanza umeanza, Fundi, alisema. Usije ukaota mizizi hapo mlangoni.

Wiki ile ile redio ikatangaza tetemeko.

Redio ya Mama Mapazia ilikaa kwenye rafu juu ya charahani na haikuzimwa tangu asubuhi mpaka jioni. Mtangazaji alisema ardhi imetikisika katika visiwa vya mbali, nyumba zimeanguka, idadi ya waliokufa bado haijulikani, na kwamba tetemeko lilikuwa na nguvu ya saba nukta moja kwa kipimo cha Rikta. Charahani ikanyamaza. Mama Mapazia aliwaombea wale watu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akauliza Rikta ni nani.

Wifi alisema lazima ndiye mwenye kipimo. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kazi hiyo, niliunga mkono. Mizani ya muuza nyama ni ya muuza nyama, na kipimo cha Rikta kitakuwa cha Rikta. Sikuona shaka yoyote.

Basi mwaka ukaenda hivyo. Kabla mvua hazijaanza ilikuwa Chile. Halafu ikawa nchi ya milima mirefu, ambako shule iliangukia watoto, na siku hiyo Mama Mapazia hakushona hadi jioni. Halafu Japani, halafu visiwa vile vile vya mwanzo. Kila mahali Rikta alikuwa ameshafika. Hilo ndilo lililomgusa Mama Mapazia. Madaktari hawajafika, alisema, magari ya msaada yamekwama njiani, hata majina ya waliokufa hayajulikani, lakini yeye keshapima. Na haongezi neno. Anatoa namba yake, anakwenda kwingine penye shida.

Nilijaribu kumpinga kitaalamu. Nilieleza kwamba mizani inataka utulivu. Jani likiangukia sahani, fundi anasubiri mshale usimame. Sasa mtu anayepima kitu wakati bado kinatikisika, tena upesi hivyo, huo upimaji gani? Mama Mapazia alikata uzi kwa meno.

"Wewe unapima sukari, Fundi. Mwenzio anapima dunia."

Wifi alicheka huko uani mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila nilipofika aliniuliza kama mwenzangu hajambo. Mama Mapazia kwa upande wake alikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya mtu yule. Analala wapi, na nyumba za huko zimeanguka? Nani anamfulia? Mke hana, aliamua, maana mwenye mke hawezi safari zile. Alilisema hilo akitazama dirishani, nami nikahisi posa yangu inasogezwa kando kama kitambaa cha mteja asiyekuwa na haraka.

Katikati ya mwaka tukatikiswa sisi.

Nilikuwa karakanani. Nilidhani ni lori. Kisha sahani za mizani zote zikaanza kugongana, kama watu wanaopiga makofi bila kujua wanampigia nani, na mishale yote ikaenda kulia, ikarudi kushoto. Watu wa mtaa walikimbilia nje. Mimi nilibaki nimeitazama mishale ile mpaka iliposimama, maana sijawahi kuona mizani tupu ikipima kitu. Mchana redio ilisema tetemeko letu lilikuwa dogo, nne nukta na kitu kwa kipimo cha Rikta, na hakuna aliyedhurika.

Mtaa mzima ulishukuru kwamba hakuna aliyedhurika. Mama Mapazia alielewa kwamba mgeni yuko mjini.

Aliosha sakafu. Alitundika mapazia mapya, yeye ambaye madirisha yake yalikuwa matupu kwa sababu kila pazia zuri lilikuwa la mteja. Kesho yake akapiga hodi mwanamume mwenye mkoba, akasema ametumwa kuangalia vipimo. Mama Mapazia alimuuliza kama ni yeye aliyepima hapa jana. Akasema ndiyo, jana alikuwa mtaa wa nyuma. Hapo ndipo akaambiwa avue viatu, aingie.

Na hapo ndipo nilipofika mimi.

Nilikaa kwenye kigoda. Mgeni alikunywa chai kwa adabu ya mtu ambaye hajakaribishwa popote tangu aanze kazi. Mama Mapazia alimpa pole kwa safari. Alijibu kwamba ni ndefu kweli, mama, tena kwa miguu, na mbwa wa mtaa huu hawana utu. Mama Mapazia akamuuliza habari za Chile. Yule bwana alifikiri, akatikisa kichwa.

"Huko anakwenda mwenzangu."

"Mko wengi?"

"Wanne tu, mama. Ndiyo maana tunachelewa."

Mama Mapazia alinitazama kama anayesema, unaona? Wanne, kwa dunia nzima. Mimi nilikuwa nikiutazama mkoba. Mdomoni mwake ulichungulia ufunguo mrefu wa chuma wenye umbo la T, na ufunguo ule naujua. Hufungulia mfuniko wa shimo la mita ya maji. Nilikuwa bado nikitafuta la kusema, mgeni alipoweka kikombe chini na kuuliza:

"Sasa mama, mita yenu iko wapi? Mwezi uliopita walikadiria tu."

Mama Mapazia aliinuka kwa haraka ya msichana. Akaenda chumba cha ndani, akarudi ameshika kwa mikono miwili ile mita ya mbao, akamkabidhi. Yule bwana aliipokea. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaisoma toka mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa kusoma mita ndiyo kazi yake.

"Iko nyuma," nilisema mwishowe. "Karibu na bafu."

Alishukuru kwa chai, akavaa viatu, akaenda nyuma. Tulisikia mfuniko ukifunguliwa, halafu kicheko cha wifi, kirefu, chenye mapumziko ya kuvuta pumzi. Mama Mapazia alisimama katikati ya chumba na mita yake. Hakunitazama. Alisema leo ana kazi nyingi, nami nikaenda zangu.

Habari zilizunguka mtaa kabla msoma mita hajaumaliza. Ungedhani hapo mambo ya Rikta yamekwisha. Wapi. Kwa Mama Mapazia kilichothibitika ni kwamba msoma mita si Rikta. Rikta mwenyewe alikuwa amepita mjini kimya kimya, bila kusumbua mtu, kama ilivyo tabia yake.

Baada ya muda nikaitwa sekondari kurekebisha mizani ya maabara. Mwalimu wa jiografia alikuwa akisahihisha madaftari meza ya pili. Nikamuuliza kwa mzunguko, nikianzia mbali, kama amewahi kukutana na Rikta. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaniambia. Rikta lilikuwa jina la mtaalamu aliyekwisha kufa zamani. Kipimo kilibaki na jina lake, na sasa hata wataalamu wenyewe wamehamia kwenye kipimo kingine. Ni watangazaji tu ambao hawajaacha mazoea.

Nilitoka shuleni mshindi, na ushindi ule sikujua niuweke wapi. Nikimwambia Mama Mapazia, Rikta amekwisha, lakini mama naye atakuwa mtu aliyemfulia soksi mfu mawazoni mwaka mzima, na wifi yuko uani anasubiri. Nisipomwambia, nitaoa, kama nitaoa, katika nyumba yenye uongo ndani, mimi ambaye hata jiwe la mizani lililopungua chembe silirudishi dukani. Nilikumbuka kilichonipata kwa upana wa kidole. Nikanyamaza. Kila nilipokaa pale na sentensi yangu tayari mdomoni, ardhi ilitikisika mahali fulani, redio ikamtaja, na charahani ikasimama.

Kisha redio ikaleta mtangazaji mpya, kijana mwenye Kiswahili kilichonyooka. Yeye alisema tetemeko la ukubwa wa sita, basi. Mara ya kwanza Mama Mapazia alidhani amesahau. Mara ya pili alikunja uso. Alianza kuonekana kama mtu anayesubiri barua.

Wiki ya mwisho ya mwaka, mchana, kijana yule alitoa kipindi cha kukumbuka matetemeko makubwa ya mwaka mzima. Mama Mapazia alikunja kitambaa, akaweka mikono mapajani. Alikuwa akimtangulia mtangazaji. Sasa visiwa, alisema, na vikaja visiwa. Sasa Chile. Ilipofika zamu ya wale watoto wa shule, alimwacha atangulie. Sasa Japani. Halafu akainua kichwa kidogo, akasema sasa sisi. Lakini sisi hatukutajwa, tulikuwa wadogo mno. Kipindi kikaisha kwa muziki.

"Hawakumtaja hata mara moja," alisema. "Kazi yote ile."

Niliigeuza kofia yangu magotini.

"Fundi, wewe ni mtu wa vipimo. Wamemfanya nini?"



"Alikufa, mama. Zamani. Kabla mimi na wewe hatujafahamiana. Watu walibaki wakitumia kipimo chake na jina lake."

Alikikunjua kitambaa, akakikunja tena. Uani wifi hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Ulijua lini?"

"Nilipokwenda kurekebisha mizani ya shule."

"Na hukusema."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Ukaipata?"

"Hapana."

Alinitazama. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, kwanza chote, kisha pindo. Halafu bega lake moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, na nikagundua kwamba anacheka, bila sauti, machozi yakimtoka.

"Kwa hiyo mwaka mzima," alisema alipoweza, "umemwonea wivu maiti."

"Wawili," nikasema.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe. Kicheko chake kilikatika, redio ikabaki ikiimba peke yake. Nilishika kofia yangu. Nilikuwa nimeanza kuinuka.

"Kaa," alisema. Alifuta macho kwa pindo la pazia la mteja, akafikiri, akalifuta na pazia lenyewe. "Marehemu mume wangu hakuwahi kuniomba nimfananishe na mtu. Nawe usiniombe."

Nikasema sitaomba.

Akanyoosha mkono, akazima redio katikati ya wimbo, akageukia dirisha la uani.

"Wifi! Acha kujibanza hapo ukutani, njoo umsikie shemeji yako anachosema."

Ikasikika sauti ya ndoo ikiwekwa chini.

"Shemeji yangu nani?" wifi akauliza.

Hata mimi nilitaka kuuliza. Lakini Mama Mapazia alikuwa amekwisha kuinamia charahani, anatunga uzi kwenye sindano, na ncha ya uzi ilikuwa bado inayumba pembeni ya tundu, kwa hiyo nilingoja, kama ningojavyo mshale usimame.