Anwani ya Chini ya Barua

Bunduki zilipolia kijijini Kalembe, mashariki ya Kongo, Emérita alikimbilia Walikale na watoto, mumewe Hubert akabaki. Nyuki hawabebwi kichwani kama godoro, alisema. Kila kulipotulia alituma madumu ya asali kwa pikipiki kupitia Pinga, na Emérita akayauza Bukavu na Kisangani, kwa wenye hoteli, kwa masista, kwa wana wa Kalembe waliotawanyika. Aliwaandikia wote barua pepe moja kwa simu yake, mpaka barua zikaanza kuangukia kwenye kapu la takataka la simu za wateja, bila kusomwa. Asali mpya ilifika, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo akaenda kwa Nadine, aliyekuwa na kibanda cha ordinatere, yaani kompyuta, karibu na soko.

“Mama Emérita, ukitumia watu wengi barua moja vile, mashine zinakuona muongo,” Nadine alimwambia. “Iko kampuni zenye kazi yao njo kutuma barua za vile tu. Nitakuonesha mbili, utachagua.”

Ya kwanza ilikuwa ya bure na ya kupendeza macho, ila iliongea Kiingereza, na picha zake zilimeza mega za intaneti kama mchanga unavyonywa maji. Ya pili ililipiwa kila mwezi, lakini ilikuwa ya Kifaransa, na nyepesi hata réseau, mtandao wa simu, ilipoyumba. Emérita akasita. Nadine akashauri wajaribu zote, nusu ya wateja huku, nusu kule.

Zote mbili zikadai anwani ya biashara.

“Bila ile haziache barua itoke,” Nadine alisema. “Njo sheria yao.”

“Weka kwetu basi. Kalembe, nyuma ya kanisa.”

Alidhani maneno hayo yatabaki kwa kampuni. Barua zilipokwisha kutoka, akafungua nakala yake, na pale chini akaiona nyumba yake imeandikwa waziwazi mbele ya kila msomaji. Miaka hii nani anatangaza palipo na mali na mtu mmoja wa kuilinda?

“Nadine, irudishe!”

“Barua ikienda imeenda, Mama.”

Kesho yake likaja jibu kutoka anwani asiyoijua, bila jina: “Kumbe munabakiaka bado Kalembe. Tutapita kuwaona.”

Akalisoma mpaka maneno yakakosa ladha. Tutapita, akina nani? Akampigia Hubert, hapatikani. Akatafuta mwendesha pikipiki aliyekuwa akielekea huko, akamshika mkono. “Umuambie atoke. Asiulize kitu.”

Hubert alifika na matope hadi magotini, na hasira juu ya matope.

“Umenitoa mu mizinga ya nyuki wakati wa kuvuna, juu ya barua ya simu?”

“Juu ya anwani, Papa Plamedi,” Emérita alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. “Nimeonesha watu wote fasi uko, kijiji na nyumba.”

“Fasi niko njo kwetu! Kwetu imekuwa siri tangu lini?”

Akala amempa mgongo. Siku zilizofuata hakumwambia mkewe zaidi ya “ndiyo” na “hapana”, na Emérita akaanza kujiona mpumbavu aliyetishwa na kivuli.

Kisha habari ikafika sokoni: watu wenye silaha walikuwa wameingia Kalembe. Nyumba nyuma ya kanisa haikuwa tena na paa, na mizinga ilikuwa imeangushwa na kupasuliwa. Mzee Nzabandora, jirani yao, alikuwa ameuawa shambani kwake.

“Ni barua yangu?” Emérita aliuliza.

“Waliingia mu kila nyumba,” Hubert alisema taratibu. “Wale hawangojee barua.”

Yaelekea ndivyo. Lakini alisema hivyo akitazama chini, na Emérita hakuweza kujua kama alikuwa akimweleza au akimbembeleza.

Ile anwani isiyojulikana ikaandika tena, safari hii na jina. Alikuwa Noël, aliyeipata barua kwa mama yake, Mama Carmel, ambaye Emérita alichota naye maji chemchemi moja kabla familia ile haijahamia Bukavu. “Tulipita Kalembe mbele ya fujo kuanza, tukakuta mulango imefungwa. Sasa tunasikia mambo. Mama anashinda akilia. Mutuambie kama muko hai.”

Emérita akampa Hubert simu. Akasoma, akaketi kwenye kigoda, akasoma tena.

“Mujibu,” alisema, akimrudishia simu. “Mujibu sasa hivi.”

Walimjibu Noël kwanza. Kisha Emérita akabaki na ile huduma ya pili, ya Kifaransa, na parokia ya Walikale ikamruhusu kuandika sanduku la barua la parokia mahali pa anwani ya nyumbani. Hubert hakulipenda jambo hilo, ila hakubisha.

Barua iliyofuata haikuuza kitu. Iliwaambia wateja kwamba wao wazima, na kwamba asali haipo mpaka nyuki wapate makao. Huduma ile ilikuwa na ukurasa unaoonyesha nani amefungua barua, na Nadine akamfungulia autazame. Majina ya waliofungua yakaanza kubadilika rangi moja baada ya jingine: masista, hoteli, Mama Carmel. Emérita hakuyaangalia sana hayo. Alikuwa akiyatazama majina ambayo bado hayajabadilika, ya watu wa Kalembe ambao hakujua siku ya fujo walikuwa wapi, akimwomba Nadine asifunge kwanza, angoje kidogo, labda ni réseau tu.