Mama Vocha Asitikisike

Mtandao ulianza kushika kwa Mama Vocha asubuhi, wakati akikata mche wa sabuni dukani kwake. Alikuwa anakata kwa kipande cha waya wa simu wa zamani, kwa sababu kisu huvunjavunja sabuni, lakini waya hupita taratibu na kuacha kipande safi. Mke wa dereva, aliyekuwa akisubiri kipande chake, alisikia simu ikilia ndani ya pochi. Akaitoa, akasoma jumbe zilizoingia kwa mkupuo. Akarudi nyuma mpaka barabarani, simu ikanyamaza. Akasogea tena kwenye kaunta, ikaanza upya.

"Ni wewe, shoga," alisema. "Nifungie na kiberiti."

Mtaa wenyewe uko bondeni, na mawimbi ya simu hupita juu kwa juu bila kuuona. Miaka nenda miaka rudi watu waliishi kwa waya mmoja mweusi uliotoka barabara kuu, ukashuka nguzo kwa nguzo, ukaingia kila nyumba na kuleta simu na intaneti ya kujikongoja. Ndipo kampuni ikaja na habari ya teknolojia mpya, mtandao wa hewani wenye kasi, usiotaka waya wala nguzo. Wakasimamisha mnara nyuma ya mashine ya kusaga. Wakagawa visanduku vyeupe vyenye kitaa kimoja. Kitaa kikiwa cha njano, subiri. Kikiwa cha kijani, mambo tayari. Siku vilipowashwa vilikuwa vya njano, na vya njano vikabaki.

Lini sasa? Hakuna aliyejua. Mwanzo walisema mvua zikiisha. Mvua zikaisha, wakasema kuna kibali kinangojewa. Kibali kikatoka, ikasikika kwamba wakubwa wenyewe hawajaelewana kama waiwashe hii au wangoje nyingine iliyo mpya zaidi, maana hii nayo ilikuwa imeshaanza kuzeeka kabla ya kuzaliwa. Basi likawa kama fumbo ambalo hata aliyelifumba hajui jibu lake. Watu walimuuliza Mama Vocha, kwa kuwa yeye ndiye wakala na ndiye mwenye fulana ya kampuni. Yeye aliwajibu kwa uso mkavu kwamba ni wiki ijayo. Watoto nao wakazoea. Ukimwomba mtoto akuchotee maji na hataki, anakwambia atachota wiki ijayo ya Mama Vocha.

Kwa hiyo mtandao uliposhika kwake, hakuna aliyepiga kelele. Ulikuwa umengojewa sana, na pahali pa kutua ilibidi upate. Watu walichofanya ni kujifunza matumizi yake. Walijua kwamba unafika vyumba viwili kutoka aliposimama, kwamba unakuwa na nguvu zaidi akiwa amekaa na ameshakunywa chai, na kwamba akijitwika karai unapotea kabisa. Wanafunzi waliegemea ukuta wa nyumba yake na madaftari yao. Mwenye harusi alimwomba apite sebuleni kwake, asogee kidogo dirishani, hapo hapo, asante dada. Mumewe, fundi viatu, alilalamika kwamba chumba chake cha kulala kimekuwa stendi.

"Mimi niliposa mke," aliwaambia walioegemea dirisha. "Mnara nimeletewa na nani?"

Nao watoto wakatunga chao. Kitendawili. Tega. Mnara wangu unachemsha chai. Na wote kwa pamoja wakamtaja jina.

Mama Vocha alicheka nao. Alikwenda kila nyumba aliyoitwa, isipokuwa moja, yenye mlango wa buluu, ambayo alikuwa akiizunguka kwa uchochoro wa nyuma.

Hapo anakaa mama mmoja mtu mzima ambaye yeye humwita Mama Mkubwa. Hawana undugu wa damu, ila ndiye aliyemkanda alipojifungua na kumfundisha kushika mtoto. Mama Mkubwa ana binti mmoja tu, anayefanya kazi mji wa mbali. Kila Ijumaa alasiri binti alikuwa akipiga simu ya waya. Wakimaliza habari za magoti na za kazi, mmoja humtegea mwenzake kitendawili, na jibu likasubiri Ijumaa nyingine. Ndio uliokuwa mchezo wao tangu binti akiwa wa kubebwa mgongoni.

Kabla ya hayo yote, kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Waya hautolewi mpaka kila nyumba ikubali, na wakala hapewi uwakala mpaka waya utolewe. Nyumba zote zilikubali. Mama Mkubwa peke yake alisema hapana, yeye ataachia waya siku atakapokiona kitaa cha kijani kwa macho yake. Siku mafundi walipokuja na ngazi, alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Msimamizi wao akauliza, na huyu wa mlango wa buluu je?

"Tumeshaelewana," alijibu Mama Vocha. "Kateni."

Wakakata, wakaviringisha. Yeye akaomba kipande cha kukatia sabuni.

Mama Mkubwa aliporudi, Mama Vocha alimwambia kwamba kampuni imekata tu, bila kumuuliza mtu, si unawajua hawa. Mama Vocha akamletea kisanduku cheupe, akamwekea mwenyewe rafuni, akakiwasha. Mama Mkubwa akamshika mkono, akamshukuru kwa kumjali. Kama angemtukana, labda Mama Vocha angelala usingizi. Ile asante ndiyo iliyokuwa inamwamsha.

Afisa wa kampuni alifika mtaani na kipimo chake. Akapima chini ya mnara, hakukuta kitu. Akapima nyumba kwa nyumba, bure. Akapima mbele ya Mama Vocha, kipimo kikajaa. Akamwomba ageuke, akapima na mgongoni, akaridhika.

Mama Vocha akamweleza kwamba si mnara huo, ni yeye, na kwamba yeye ni mtu, ana duka na ana mume. Afisa alimsikiliza kwa adabu. Akasema taarifa yake ina majibu mawili tu, eneo limefikiwa au halijafikiwa, na hapa pamefikiwa. Akamshauri asisafiri.

"Basi rudisheni waya," alisema Mama Vocha. "Hata nyumba moja tu."

"Mama, eneo lililofikiwa haliwekwi waya."

Haikupita muda, mafundi wakaja wakaufungua mnara, wakaupakia kwenye lori wakaupeleka bonde jingine ambako bado watu walikuwa wanasubiri. Siku ile Mama Vocha aliurudisha ule waya chini ya kaunta, akaanza kukata sabuni kwa kisu. Wateja walilalamika kwamba wanauziwa makombo.

Ijumaa moja Mama Mkubwa akatuma salamu, kwamba na yeye ni jirani, mbona hafikiwi. Mama Vocha akavua fulana ya kampuni, akavaa gauni la kawaida, akaenda. Njiani alikuwa anapanga maneno. Ataanza na shikamoo, kisha atasema yote, kuanzia ngazi hadi sabuni.

Sebule ilikuwa kama ilivyo siku zote: kochi lenye kitambaa cha kufuma, kalenda iliyopitwa na wakati, kisanduku rafuni na njano yake. Simu ya zamani ilikuwa juu ya kimeza chake. Waya wake ulikuwa umekatika ukutani, umebaki urefu wa kidole. Mama Vocha alipovuka pazia la mlangoni, simu ikalia, kitaa chake kidogo chekundu kikawaka.

Mama Mkubwa alijibu shikamoo kwanza. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti kubwa, kwa sababu masikio yake nayo yamechoka. Zilikuwa jumbe za sauti za binti yake, zilizosubiri tangu waya ulipokatwa, zikaja kwa mpangilio.

Wa kwanza ulikuwa mfupi. Mama, leo hupokei, umekwenda wapi na magoti hayo?

Wa pili ulianza na neno kitendawili, halafu kimya, kama anayesubiri kuambiwa tega.

"Nilitoka mmoja, nataka kurudi wawili, na baba wa huyu wa pili hayupo. Je, mlango wa buluu unatutosha? Nangoja Ijumaa hii na ile, mama. Ukinyamaza, nitajua umenipa mji, nami nitakwenda kukaa huko."

Kila aliyewahi kukaa kwenye vitendawili anajua. Anayeshindwa kujibu humpa mtegaji mji, na mtegaji huupokea na kwenda zake.

Wa tatu ulikuwa na mlio wa gari nyuma yake, na mtoto mchanga akilia karibu sana na simu.

"Haya, mama. Mji nimeupokea. Sijakasirika."

Mama Mkubwa akapiga namba ya binti yake kwa kidole kimoja, tarakimu moja moja. Sauti ya mashine ikasema namba hiyo haitumiki tena. Akasikiliza mpaka mwisho, ikarudia, akasikiliza tena. Kisha akasema ndani ya mkono wa simu, kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu mtu aliye jikoni.

"Unatosha."

Akaurudisha mahali pake.

Mama Vocha alikuwa bado amesimama kwenye pazia. Akafungua mdomo. "Mama Mkubwa, siku ile walipokuja mafundi, mimi ndiye..." Simu ikakoroma, kitaa chake chekundu kikafifia.

"Nyamaza, mwanangu," alisema Mama Mkubwa. Akamvutia kiti karibu na kimeza, akaweka na mto. "Ukisema unatikisika, na ukitikisika inakatika. Kaa hapo. Anaweza kupiga."

Mama Vocha akakaa.

Tangu hapo kila Ijumaa alasiri hufunga duka na kwenda kukaa kwenye kiti kile, mikono magotini, asitikisike. Mtaa umeshazoea. Wenye shida ya mtandao hujipanga nje ya dirisha la Mama Mkubwa na kuongea kwa sauti ya chini. Kwenye taarifa za kampuni bonde hilo limefikiwa, na hakuna aliyekuja tena kupima. Simu ile haijalia. Yale maneno Mama Vocha anakwenda nayo na kurudi nayo, yakiwa yamepangwa vilevile, kuanzia ngazi hadi sabuni.

Kisanduku kiko palepale rafuni, cha njano. Mama Mkubwa hukipangusa vumbi. Na jua likizama, Mama Vocha anapoinuka kwenda kwake, Mama Mkubwa humsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono, akamshukuru kwa kumjali.